Ukuta wa Nyumba ya Akida

Tangu nirudishe vifaa vya serikali pale yadi ya Lushoto, vijana niliowaacha kazini wakinitembelea huniuliza swali lile lile: ni kazi gani iliyokutia hofu kuliko zote? Hutarajia nitaje mnara wa kanisa, au lile paa la shule tuliloliezeka upepo ukitaka kutupeleka Korogwe bila nauli. Siyo hizo. Ni nyumba ya ghorofa ya matofali ya kuchoma, kijijini Kwemlawe, chini ya Vuga, enzi za Mwingereza. Nitaieleza kuanzia mwanzo, maana ikisimuliwa nusu nusu mtadhani nilikuwa shujaa. Sikuwa. Niliogopa tangu tulipong'oa tofali la kwanza.

Niliingia yadi nikiwa kijana, najiona fundi kwa kuwa nilikwisha kujenga jiko la mama na halijaanguka. Nilikabidhiwa kwa Fundi Yoeli, mtu wa Mlalo, Mkristo, aliyejifunza uashi utotoni kwa Wajerumani wa misheni. Siku ya kwanza sikupewa mwiko. Alinipa matofali mawili akaniuliza lipi limeiva. Nikachagua lililokuwa jekundu zaidi. Akayagonga kwa kifundo cha kidole, moja baada ya jingine. Lile langu lilitoa mlio mzito kama wa mkate mbichi, na lile lililopauka likalia kama sahani.

"Umechagua kwa macho," akasema. "Macho waachie wanunuzi wa vitenge. Wewe sikiliza."

Nikashinda nikigonga matofali, vifundo vikachubuka. Kesho yake nikapewa kazi ile ile.

Yoeli alikuwa na timazi ya shaba ya kupimia unyoofu wa ukuta, kipande kidogo kilichoning'inia kwenye uzi, na hakuna aliyeruhusiwa kuuruka uzi ule. Chokaa aliiloweka shimoni mpaka ikawa laini kama siagi. Saruji aliiheshimu kama mtu anavyomheshimu mkwe mkali, yaani kwa mbali. Alituambia saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani. Ukiziba nayo ufa, ukuta ukitaka kupumua utapasuka pembeni yake, na kiraka chako kizuri kitabaki kimesimama peke yake. Yakumbukeni hayo kila mnapopelekwa kwenye jengo kuukuu. Na jambo moja zaidi: alipokuwa akijenga aliimba nyimbo za kanisani, polepole, kufuata mkono. Akinyamaza, sisi vibarua wote tuliacha kazi tukaangalia juu.

Kwemlawe tulitumwa mwishoni mwa masika fulani yaliyokuwa mabaya sana. Nyumba yenyewe ilijengwa wakati wa Mjerumani na Akida, mtu wa pwani aliyewekwa kutawala vijiji vile. Hata leo naweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba dirishani mtu aliweza kukaa na miguu yake akaikunja. Juu ya kila dirisha palikuwa na tao la matofali yaliyosimamishwa wima, yamebanana bila mbao ya kuyasaidia. Chini kulikuwa na ghala, juu vyumba, na mbele ya vyumba baraza la juu la mbao za mwangati kutoka Shume. Mlango wa mbele ulikuwa wa nakshi, kazi ya pwani kabisa, umefika milimani ukionekana kama mgeni aliyevaa kanzu shambani. Milima yote hii ilikuwa na nyumba za fito na udongo, halafu ghafla, ukingoni mwa mteremko, unaikuta hiyo.

Serikali ilikuwa na sheria ya kulinda majengo ya kale, na nyumba ile ilikwisha kutangazwa kuwa mojawapo. Kibao kilipigiliwa getini: hairuhusiwi kubomoa, kubadilisha, wala kuondoa sehemu yoyote ya jengo hili bila kibali. Hata mwenye nyumba hakuruhusiwa. Mwenyewe alikuwa Bi Zaina, mjane wa mtoto wa Akida, mama wa makamo, mwembamba, aliyeishi pale peke yake baada ya mabinti zake kuolewa Tanga na Pangani.

Ukuta uliotupeleka ni ule wa upande wa bondeni. Mfereji wa bati ulikatika siku nyingi, maji ya paa yakawa yanamwagika palepale kwenye msingi, mwaka baada ya mwaka. Sasa ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Ufa ulipanda kutoka chini ukapita kando ya dirisha hadi juu kabisa, pale ulipobeba mhimili wa paa. Yoeli akashusha timazi yake. Uzi ukaning'inia mbali na ukuta kwa juu, na kwa katikati ukaugusa. Alikuwa akiimba njia nzima kutoka Lushoto. Akanyamaza.

Bwana Inspekta wa majengo, Mwingereza aliyetusimamia, alifika kuona mwenyewe. Sitamsema vibaya, alijua kazi yake. Alikubaliana na Yoeli kwa kila neno: ukuta ule hauzibiki, unashushwa tofali kwa tofali na kurudishwa vilevile, kwa chokaa, kila tofali mahali pake. Ila kibali lazima kitoke Dar es Salaam. Mpaka hapo tunaruhusiwa kuegemeza tu.

"Na mama ahame," akasema.

"Sihami," Bi Zaina akajibu kutoka dirishani, kabla hajatafsiriwa. "Nikitoka leo, kesho nyumba itaanza kupungua matofali. Hicho kibao chenu hakina mikono ya kuzuia."

Tukasimika mirunda, nguzo za miti za kuegemeza, ndani na nje, tukaikaza kwa kabari, tukaanza kungoja. Kungoja ndiko kulikonifanya nionane na mjomba.

Mama yangu alizaliwa Kwemlawe, akaolewa mbali, na hakupenda kuzungumzia kwao. Kaka yake, Mjomba Mahimbo, nilimwona mara chache kwenye misiba. Jioni moja nikaenda kumwamkia. Nilimkuta nje ya msikiti, au tuseme nje ya uliokuwa msikiti, maana mvua ile ile iliyoulegeza ukuta wetu iliuangusha huo wa udongo wote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeletwa kuitibu nyumba ya Akida?"

"Ndiyo, mjomba. Nimetumwa na kazi."

"Mama yako hakukuambia kitu kuhusu nyumba ile?"

Nikasema hakuniambia. Akanieleza bila kupandisha sauti. Matofali yale yalifyatuliwa na watu wa vijiji vile kwa kushurutishwa, bila ujira. Udongo ulichimbwa kule mtoni, ukachomwa kwenye tanuri kando yake, na matofali yakapandishwa mlimani vichwani mwa watu. Siku moja ukingo wa shimo la udongo ulibomoka na kumfunika baba yake. Huyo ni babu yangu, mzaa mama. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa, na siku ile ile wenzake wakaamriwa kurudi shimoni.

"Nyumba ya Mungu imelala chini," Mjomba akasema, akiuonyesha udongo wa msikiti, "na hakuna aliyekuja hata kuuliza. Nyumba ya Akida imepata ufa, serikali imeleta mafundi. Na ukiokota kipande cha tofali pale getini unafungwa. Wewe ni mtoto wa dada yangu. Nieleze, sheria hiyo inamlinda nani?"

Nilirudi kwa Yoeli nikamwambia nataka kurudi Lushoto.

"Rudi," akasema. "Mimi sikuzuii. Lakini yule mama analala juu ya ukuta unaoanguka, na mimi peke yangu siwezi."

Nikabaki. Lakini tangu siku ile kila tofali nililoligusa nililiona zito.

Mkumbuke ulikuwa wakati wa matatizo ya matuta. Wananchi walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko, wasiotaka wakapelekwa barazani kushtakiwa, na mtu yeyote aliyevaa sare ya serikali alitazamwa kama nyoka jikoni. Tulipopita njiani salamu zilikatwa. "Onga mshi," nawaambia akina mama wanaotoka shambani, salamu ya mchana ya kwetu, nao wanapita kama wamesikia upepo. Dukani tuliambiwa chumvi imekwisha, na huku tunaiona.

Kibali kilipokuja tukaanza kushusha ukuta. Nawaambia vijana: kubomoa kunataka ufundi kuliko kujenga. Tofali moja linatolewa kwa tindo na nyundo nyepesi, linafutwa, linaandikwa namba kwa chaki, linapangwa uani kwa mstari wake. Kadiri ukuta ulivyoshuka, ndivyo nyumba ilivyobaki wazi upande mmoja kama kabati lisilo na mlango. Mhimili wa paa, pamoja na boriti za sakafu ya juu, sasa vyote vilikaa juu ya mirunda yetu na kabari za mbao. Ukikanyaga ghorofani ulisikia mirunda ikiguna chini. Bi Zaina alikuwa amehamia chumba cha mbele, lakini zaidi ya hapo hakukubali kuhama. Asubuhi akitusalimia alikuwa anauliza, "Bado imesimama?" na Yoeli anajibu, "Kwa leo, mama."

Walikuja adhuhuri, siku ya Ijumaa, baada ya kusali kwenye uwanja wa msikiti ulioanguka. Niliwasikia kabla sijawaona. Wanaume wa kijiji chote, majembe na mapanga mikononi, na mbele yao Mjomba Mahimbo katika kanzu nyeupe. Jumbe wa kijiji, aliyetakiwa kuwa upande wetu, alikuwa amepata safari ya ghafla.

Wakaingia uani wakasimama mbele ya matofali yaliyopangwa.

"Athumani," Mjomba akaniita. "Ondoka hapo na fundi wako. Hatuna ugomvi na nyinyi. Tunachukua kilicho chetu, tukajenge msikiti."

"Mjomba, mtafungwa."

"Baba yangu alizikwa na udongo huu. Jela ni kitu gani?"

Yoeli alinishika bega. "Waache wachukue," akasema kwa sauti ya chini. "Waambie tu wasipite chini ya paa. Hilo peke yake."

Nikalipigia kelele neno hilo, lakini watu walikwisha kuanza. Walioko nyuma walisukuma ili nao wapate, walioko mbele wakabanwa, na safu moja ya matofali ikayumba. Niliiona ikienda. Ilianguka upande wa ndani, ikapiga chini ya mrunda mkubwa uliobeba boriti za ghorofa. Kabari ikaruka. Mrunda ukateleza kwenye ubao wake, nyumba nzima ikatoa sauti ambayo sijaisikia tena maisha yangu yote, kama mtu anayevuta pumzi, na mhimili wa paa ukashuka.

Yoeli aliruka kuushika ule mrunda kwa mikono yake. Uliteleza tena ukambana mguu ukutani. Hakulia. Alisema tu, "Athumani, kabari," kama vile ananituma kijiko.

Juu kabisa Bi Zaina akatokea ukingoni mwa sakafu iliyo wazi. Alikuwa amekuja kuona ghasia.

"Rudi nyuma, mama! Usiteremke ngazi! Simama kwenye mlango wa chumba chako!" nikapiga kelele. Kila hatua yake iliongeza uzito pale tulipokuwa hatuna kitu.

Nilichukua kabari lakini sikuweza kuipigilia; uzito ulikuwa umelalia mrunda na hauinuki. Nilihitaji watu wa kuinua boriti. Nikageuka kuwatazama wale wanaume. Walikuwa wamesimama na matofali vifuani, midomo wazi. Wengi wao wangeweza kukimbia, na sidhani kama ningewalaumu.

Mjomba Mahimbo alikuwa na tofali kila mkono. Akayaweka chini. Hakuyatupa, aliyaweka. Kisha akaingia chini ya boriti, akainama, akaiweka begani.

"Shusheni matofali!" akawapigia kelele wenzake. "Ingieni! Mnangoja nini, hamuoni kuna mtu?"

Wakaingia. Walioenea chini ya boriti walitia mabega, waliobaki nje walichukua mirunda iliyolala uani wakaisimamisha kwa mikono. Mvua ikaanza kunyesha wakati ule ule, na ardhi ikawa ya utelezi. Nikapiga kelele "Inua!" nao wakainua, nami nikapigilia kabari. Boriti ikashuka tena. "Inua!" Nilipigilia huku nikiona mguu wa Yoeli mbele ya nyundo yangu, nikiogopa kukosea, nikiogopa zaidi kuacha. Nilipiga mpaka kabari ikaacha kuzama na kuanza kulia, mlio mkavu niliofundishwa kuutambua. Ndipo nikawaambia waachie, mmoja mmoja, polepole, na Mjomba awe wa mwisho.

Alipotoka chini, kanzu ilikuwa imechanika begani na ngozi pamoja nayo. Alisimama chini ya ngazi akampokea Bi Zaina kwa mkono alipoteremka, kisha akaenda zake. Vijana wa kijiji wakafunga machela wakambeba Yoeli hadi barabarani, kutafuta gari la hospitali. Ni wale wale waliokuja kutuondoa.

Usiku ule sikulala kwa kusikiliza mirunda. Asubuhi Bwana Inspekta akafika na askari wawili. Habari zilikwisha kumfikia. Akawakuta Mjomba na wenzake uani, maana walikuwa wamerudi, na mpaka saa ile mimi mwenyewe sikujua wamerudia nini. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, nani waliovunja jengo la serikali.

Watu wote wakanitazama. Kabla sijafungua mdomo, Bi Zaina akatokea kwenye mlango wa nakshi.

"Jengo gani lililovunjwa, bwana?" akasema. "Unaliona limesimama. Hawa ndio walioliinua kwa mabega yao. Fundi wako angekufa, na mimi pia."

"Walikuja kuchukua matofali."

"Yahesabu."

Bwana Inspekta akatazama safu zilizoanguka, chaki imefutika kwa mvua. Akamtazama Mjomba, na lile bega lililofungwa kitambaa chenye damu. Kisha akawaambia askari wakanywe chai barabarani. Akavua kofia akanisaidia kutafuta namba zilizosalia. Nasema alikuwa mtu anayejua kazi yake.

Alipoondoka, Bi Zaina alimwendea Mjomba. "Mzee Mahimbo, matofali siwezi kukupa. Hata mimi si yangu tena, ni ya kile kibao. Lakini ghala la chini ni langu kulifungua. Salini humo mpaka mtakapojenga."

"Tukasali ghalani kwa Akida?"

"Ndiyo."

Mjomba akageuza uso. Hakukubali, wala hakukataa. Mvua iliporudi Ijumaa iliyofuata, watu waliingia ghalani wenyewe wakatandika mikeka. Yeye alisali nje, kwenye matope, uso umeelekea kibla na mgongo umeelekea nyumba. Lakini siku za kazi alikuja kusaidia, yeye na wenzake, na hapo ndipo nilipojua walirudia nini asubuhi ile. Alikuwa akinipa matofali, moja moja, bila mazungumzo, na kila moja aliligonga kwanza kwa kifundo kama alivyoniona mimi nikifanya.

Yoeli alirudi na gongo. Mguu haukupona sawasawa, na hakupanda jukwaa tena mpaka anastaafu. Tulimwekea kiti uani, akaelekeza kutoka pale, timazi imo mapajani mwake. Tulipokaribia juu akaanza kuimba, na waliokuwa ghalani wakisoma Kurani hawakumkataza. Ukuta ulipanda ukanyooka. Mfereji mpya wa bati ukayapeleka maji mbali na msingi, na nawaomba vijana, hata mkisahau mengine yote niliyoandika, msisahau mfereji.

Siku tuliyoondoa mirunda, Mjomba aliuliza kama anaweza kupanda juu. Aliniuliza mimi, si Bi Zaina, na ndipo akaniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kupita ngazi ile. Bi Zaina akasogea mlangoni kumpisha. Nikamfuata nyuma. Alipanda akishika ukuta, akapita vyumbani bila kutazama kitu, akatoka kwenye baraza la juu. Hapo akasimama.

Chini yetu mteremko ulikuwa wazi mpaka mtoni. Njia waliyopandishia matofali ilionekana yote. Mwisho wake ulionekana mgongo wa tanuri la zamani, umeota nyasi, na kando ya tanuri lile shimo.

"Athumani," akasema, "siku ile baba alipofukiwa, nyumba hii ilikaribia kwisha na baraza hili lilikuwapo. Mama yangu alipanda mpaka hapa kulia. Akida alimjibu kwamba hakujua. Kwamba hakuna aliyemwambia kuna mtu amefukiwa, angejua angeleta watu wafukue mapema. Tumekua na neno hilo. Tumewaambia watoto, hakujua."

Alishika ule uzio wa mwangati kwa mikono yote miwili, akatazama shimo kwa muda. Nami nikatazama. Mtu aliyekuwa akikata majani kule chini alionekana mpaka rangi ya shati.

Akashuka. Mlangoni akasimama mbele ya Bi Zaina.

"Mama, nyumba hii isibomolewe," akasema. "Hata siku moja. Atakayesema Akida hakujua, mpandishe pale juu."

Kisha akavua viatu, akaingia ghalani kusali na wenzake.